Bajeti ni mfuko: safari ya neno moja kutoka ngozi ya mnyama hadi Mswada wa Fedha

1/ Juzi nilikuwa kwa kinyozi. Runinga iko juu ya kioo, sauti imepunguzwa, wachambuzi wanne wanabishana kuhusu bajeti. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akasema, "Nyinyi vijana mnajisumbua bure. Bajeti ni tumbo. Tumbo tu, hakuna kingine." Tukacheka sote. Nilipofika nyumbani nikaanza kulifuatilia lile neno. Kumbe mzee alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua mwenyewe.

2/ Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji mwanasiasa wala chama, wa sasa au wa zamani. Tunachukua jambo linalorushwa huku na kule kwenye mijadala, tunalifungua polepole, kila mtu aone kilicho ndani. Leo tunafungua neno lenyewe, bajeti. Tafuta chai, uzi ni mrefu kidogo.

3/ Tuanzie karibu. Sisi tumelipata kwa Kiingereza, budget. Hapo hakuna ubishi. Swali ni Waingereza walilitoa wapi, na lilikuwa na maana gani kabla ya mawaziri na mabilioni. Jibu fupi ni kwamba lilikuwa jina la kijifuko cha ngozi. Jibu refu ndilo lenye utamu, na ndilo linalogusa mfuko wako wewe.

4/ Rudi nyuma zaidi ya miaka 2000, hadi nchi ambayo leo ni Ufaransa. Waliokuwa wakiishi huko waliitwa Wagauli, na lugha yao ilikuwa ya jamii ya Kikelti. Mfuko wa ngozi, ule wa kubebea vitu safarini, waliuita bulga. Warumi walikuwa majirani zao kwanza, baadaye wakawa watawala wao. Walichukua nchi, na neno pia wakalichukua. Mtaalamu mmoja wa maneno wa Kirumi, Festus, aliandika waziwazi kwamba bulga ni jina ambalo Wagauli huvipa vijifuko vya ngozi.

5/ Hata kabla ya Festus, mshairi wa tashtiti aitwaye Lucilius, wa karne ya pili kabla ya Kristo, alikuwa amelitumia. Alimchora jamaa asiye na mnyama wa kubeba mizigo, mtumwa wala mwenzi. Pesa zake zote ziko kwenye bulga. Anakula nayo, analala nayo, anaoga nayo. Huyo jamaa unamjua, si ndio? Ni yule anayepanda matatu akiwa ameukumbatia mkoba kifuani kutoka steji ya kwanza hadi ya mwisho. Na Lucilius huyohuyo alilitumia neno bulga kwa maana nyingine: tumbo la uzazi la mama.

6/ Hapo ndipo mzee wa kinyozi anapoingia. Wanaisimu wakilinganisha lugha za Ulaya na za kaskazini mwa India wanaona zina babu mmoja, lugha ya kale sana ambayo hakuna aliyeiandika lakini maneno yake yanaweza kukadiriwa kutokana na wajukuu. Katika lugha hiyo kulikuwa na mzizi wenye maana ya kuvimba, kufura. Kitu cha ngozi kinachofura kikijazwa. Upande wa Kikelti mzizi huo ulizaa bulga. Upande wa lugha za Kijerumani, ambako Kiingereza kinatoka, ulizaa belly, yaani tumbo.

7/ Ndiyo, belly na budget ni binamu. Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa belly lilimaanisha mfuko. Neno hilohilo likazaa bellows, yaani mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya mhunzi ya kupuliza moto. Mpaka leo, katika Kiayalandi, bolg ni tumbo. Ukoo mmoja, watoto wametawanyika: mfuko, tumbo, mivukuto. Wote wanafura.

8/ Lakini tuelewane hapa, maana kuna watu watachukua picha ya skrini ya kipande cha 7 na kukimbia nayo. Asili ya neno haimtii mtu yeyote hatiani. Kwamba bajeti na tumbo ni ndugu haithibitishi kwamba fulani amekula. Ukitaka kusema mtu amekula, leta risiti, leta ripoti ya ukaguzi. Neno linatusaidia kwa jambo tofauti. Linatukumbusha kwamba tangu mwanzo tulikuwa tukizungumza kuhusu mfuko, na mfuko una maswali yake: ni wa nani, nani anaujaza, nani anaufungua, na nani anaruhusiwa kuchungulia.

9/ Tuendelee na safari. Kilatini cha Gauli kikageuka polepole kuwa Kifaransa. Bulga ikawa bouge, bado ni mfuko. Kisha Wafaransa wakafanya kile ambacho sisi hufanya tunaposema mfuko halafu kijifuko. Bouge ndogo ikaitwa bougette. Hicho ndicho kijifuko cha mfanyabiashara au mjumbe, kinachoning'inia mkandani au kwenye tandiko la farasi.

10/ Kufikia karne ya 15 Waingereza walikuwa wameshalichukua, na kila mtu akiliandika anavyotaka: bowgette, bouget, budget. Bado ni mkoba tu. Fundi anayezunguka vijijini kuziba sufuria alikuwa na budget ya ngozi yenye vifaa vyake. Hakuna hesabu za serikali hapo. Hakuna hotuba.

11/ Karne ya 16 jina la chombo likahamia kwa kilichomo. Jambo hili si geni. Sisi tunasema fulani amekula sahani mbili, na sahani ziko palepale mezani. Vivyo hivyo, Waingereza wakaanza kusema budget ya habari, wakimaanisha fungu la habari, mzigo wa mambo. Na mtu aliyeamua kusema yote yaliyomo moyoni wakasema amefungua budget yake. Shika hilo la kufungua. Ndilo linalotupeleka mwaka 1733.

12/ Mwaka 1733, London. Kiongozi wa serikali ya wakati huo, ambaye pia ndiye aliyeshika hazina, alileta pendekezo la kodi. Badala ya ushuru wa forodha kwenye mvinyo na tumbaku bandarini, kuwe na ushuru unaotozwa ndani ya nchi, bidhaa zikitoka ghalani. Alisema utazuia magendo na kuongeza mapato. Na mapato yakiongezeka, kodi ya ardhi itapunguzwa. Ardhi, kumbuka, ilikuwa ya matajiri. Tumbaku ilivutwa na kila mtu.

13/ Watu wakapiga hesabu haraka. Mwenye shamba kubwa anapumua, mwenye kiko analipa. Tena ili ushuru huo ukusanywe, maafisa wangepewa nguvu za kuingia kwenye maduka na maghala kukagua. Wafanyabiashara wakaungana, magazeti yakawaka, miji ikatuma maombi bungeni. Umati ukajaa nje ya Bunge.

14/ Katikati ya moto huo kikatoka kijitabu kisichokuwa na jina la mwandishi, kikiitwa The Budget Opened, yaani Kijifuko Kimefunguliwa. Kilimchora kiongozi yule kama mganga tapeli wa sokoni, wale wa dawa moja inayotibu meno, mgongo na mapenzi. Anakuja na kijifuko chake, anakifungua mbele ya umati, anatoa dawa zake za ajabu, anawaahidi watu kwamba wakizimeza watapona kila kitu. Dawa zenyewe ni kodi.

15/ Aprili mwaka huohuo pendekezo likaondolewa. London ikasherehekea, watu wakachoma sanamu za kiongozi yule barabarani. Pendekezo likafa, lakini kejeli ikabaki. Watu wakazoea kusema kwamba waziri anafungua kijifuko chake kila anapoleta hesabu za mwaka bungeni. Miaka ikapita, kicheko kikaisha, neno likavaa suti. Kabla ya karne ya 18 kuisha, budget lilikuwa neno rasmi la hesabu za serikali. Kwa hiyo ukisikia mtu kwenye mjadala akisema "bajeti" kwa sauti nzito, kumbuka lilianza kutumika serikalini kama dhihaka ya wananchi kwa mtoza kodi.

16/ Waingereza hawakuficha chimbuko hilo. Kwa karibu miaka 150, kuanzia mwaka 1860 hivi, karibu mawaziri wao wote wa fedha walitumia sanduku moja jekundu la mbao lililofunikwa kwa ngozi. Ngozi tena! Nao Wafaransa, waliotoa bougette, wakalichukua neno budget kutoka kwa Waingereza na kulirudisha nyumbani likiwa na maana mpya. Mtoto aliondoka na kijifuko cha safari, akarudi amekuwa waziri.

17/ Kabla hatujafika kwetu, wasalimie ndugu wawili. Wa kwanza ni fiscal, neno ambalo wachambuzi wetu hulipenda sana. Linatoka kwa Kilatini fiscus, kikapu cha kuwekea pesa. Roma ilikuwa na hazina ya umma, iliyowekwa katika hekalu la mungu Saturnus. Kisha wakaja makaisari, nao wakawa na kikapu chao, fiscus. Mwanzoni vitu hivi viwili vilitenganishwa. Kadiri muda ulivyopita, kikapu cha kaisari kikaimeza hazina ya umma, hata ikawa vigumu kusema pesa za Roma zinaishia wapi na za mtawala zinaanzia wapi. Sitasema zaidi. Mwenye masikio amesikia.

18/ Wa pili unamjua vizuri kama una mtoto sekondari: basari. Kigiriki byrsa ni ngozi iliyochunwa. Kilatini kikafanya bursa, mfuko wa pesa. Kiingereza kikapata bursar, mshika mfuko wa shule, na bursary, tunayoiita basari. Kwa hiyo mzazi anayepanga foleni kwenye ofisi ya eneobunge na fomu mkononi anangoja apewe kitu kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Na ukimuuliza nani aliujaza mfuko huo, jibu sahihi ni yeye mwenyewe, kupitia unga, mafuta na salio la simu. Si hisani ya mtu.

19/ Na Kiswahili chetu je? Hatukuhitaji kufundishwa picha hii. Tunasema mfuko wa hospitali, mfuko wa pensheni, mfuko wa harusi. Serikali tunaiambia hazina, neno la Kiarabu la ghala, mahali pa kuhifadhi. Ushuru nao ni wa Kiarabu, unatokana na sehemu moja ya kumi. Siku hizi ukilinganisha hiyo sehemu moja ya kumi na makato kwenye payslipu yako utacheka peke yako.

20/ Sasa, neno budget lilifikaje Kenya? Lilikuja na ukoloni, na lilikuja kijifuko kikiwa kimefungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba. Kila boma lilihesabiwa vibanda. Usipokuwa na pesa za kulipa, ilikubidi uende ukazitafute kwa kufanya kazi shambani kwa mzungu, na hilo halikuwa bahati mbaya, ndiyo ilikuwa nia. Baraza la Kutunga Sheria lilianza kukutana 1907. Hapo ndipo makadirio ya mapato na matumizi yalijadiliwa. Mwafrika wa kwanza kuketi humo aliingia 1944.

21/ Fanya hesabu wewe mwenyewe. Ni miaka 37 ambapo watu waliokuwa wakiujaza mfuko hawakuwa na hata mtu mmoja wa rangi yao chumbani unapofunguliwa. Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai kiongozi wao aliyekamatwa aachiliwe. Miongoni mwa malalamiko yao: kodi imepanda, mishahara imekatwa, kipande shingoni. Walipigwa risasi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema ati Wakenya kuuliza maswali ya kodi ni mtindo wa juzi wa intaneti, mwambie asome kidogo.

22/ Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, mkoba ukabaki. Mpaka leo, mwezi Juni, waziri anasimama nje ya jumba la Hazina pale Harambee Avenue, anauinua mkoba, kamera zinawaka. India nao walirithi tamasha hilohilo, lakini mwaka 2019 waziri wao aliacha mkoba akaja na daftari la hesabu lililofungwa kwa kitambaa chekundu, kama wafanyavyo wafanyabiashara wa kwao. Watu wakabishana kama ni maana au ni maonyesho. Kwangu mimi, chombo si hoja. Hoja ni kwamba tukikodolea macho mkoba, tunakosa kuona mambo yaliyotokea kabla haujainuliwa.

23/ Na hapa ndipo mijadala yetu inapopotea. Kosa la kwanza: kudhani bajeti huzaliwa siku ile ya Juni. La hasha. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mchakato unaanza na waraka wa Hazina kabla ya mwisho wa Agosti. Kufikia 15 Februari, taarifa ya sera ya bajeti inapaswa kuwa bungeni, na hiyo ndiyo inayoweka mipaka ya kila wizara. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yanakuwa bungeni. Mkoba ukiinuliwa Juni, kilichomo kimekuwa mezani kwa wiki kadhaa. Tunapiga kelele Juni kuhusu mambo yaliyoamuliwa Februari.

24/ Kosa la pili: kuchanganya Mswada wa Fedha na bajeti. Mswada wa Fedha ni mdomo wa mfuko unaoingizia: kodi gani, kwa kiwango gani. Mswada wa matumizi ni mdomo unaotolea: wizara gani ipate ngapi. Wa kwanza hutujaza barabarani, kwa sababu unagusa mkate na mafuta moja kwa moja. Wa pili hupita kimya. Lakini kila shilingi inayotafutwa kwenye wa kwanza inatafutwa kwa sababu ya kitu fulani kilichoandikwa kwenye wa pili. Ukitaka kujua kwa nini wanataka kodi ya mkate, soma orodha ya matumizi.

25/ Mwaka 2024 tulijifunza hili kwa bei ambayo hakuna nchi inapaswa kulipa. Mswada wa Fedha ulipendekeza, miongoni mwa mengine, mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Kelele zikapigwa mapema, na tarehe 18 Juni pendekezo hilo na mengine kadhaa yakatangazwa kuondolewa. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha mswada uliobaki, waandamanaji wakaingia Bunge, na vijana wakapoteza maisha. Kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Pengo la mapato lililotajwa lilikuwa takriban shilingi bilioni 346.

26/ Halafu? Matumizi yalikuwa yameshapangwa kwenye mswada wao mwenyewe. Ikabidi ije bajeti ya nyongeza ya kuyapunguza. Na Desemba mwaka huohuo, baadhi ya mapendekezo ya kodi yakarudi kupitia sheria nyingine, zenye majina tofauti, wakati watu wanapanga safari za Krismasi. Sisemi kurudi kwake ni haramu. Bunge lina haki ya kutunga sheria. Nasema tu kijifuko kina zaidi ya mdomo mmoja, na macho yetu yalikuwa kwenye mmoja.

27/ Kuna pia swali la kinachotiwa ndani baada ya sisi kuchungulia. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifika mahakamani, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba vifungu vipya viliongezwa baada ya maoni ya umma kukusanywa. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria yote ni batili. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo na sheria ikasimama. Unaweza kukubaliana na mahakama ya kwanza au ya pili. Lakini funzo kwa mwananchi ni lilelile: kutoa maoni siku moja ukumbini hakutoshi. Fuatilia mswada mpaka kura ya mwisho.

28/ Kosa la tatu: kudhani mfuko ukifungwa Juni umefungwa mwaka mzima. Katiba, kifungu cha 223, inaruhusu serikali kutumia pesa ambazo hazikuidhinishwa, kwa sababu maalumu, kisha iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza zitoke. Kuna kikomo: isizidi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa mwaka huo. Hiyo ndiyo inazaa bajeti ya nyongeza. Ni mlango wa dharura, na nyumba yoyote nzuri inao. Tatizo ni mtu akiuzoea mlango wa dharura hadi ukawa mlango wa kila siku. Mgombea akikuambia ataleta nidhamu ya fedha, muulize kuhusu mlango huo.

29/ Na kamba ya mfuko iko kwa nani? Si kwa waziri peke yake, na hili halisemwi vya kutosha. Msimamizi wa Bajeti, chini ya kifungu cha 228, haidhinishi pesa zitolewe mpaka aridhike kwamba sheria inaruhusu, na kila miezi minne anapaswa kuripoti kwa Bunge. Mkaguzi Mkuu anapaswa kukagua hesabu ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Ripoti zao ni za umma. Zinachosha kusoma, ndiyo. Lakini mara nyingi kile mnachobishania usiku kucha kimeandikwa humo, ukurasa fulani, na tarakimu.

30/ Basi kwenye mjadala ujao, chama chochote, rangi yoyote, usiulize tu "utapunguza kodi?" Kila mtu atasema ndiyo. Yule mganga wa sokoni wa kijitabu cha 1733 naye angesema ndiyo. Uliza hivi: Utapunguza kodi gani, na utaondoa matumizi gani ili hesabu ikubali? Deni la taifa hulipwa kwanza kutoka kwenye mfuko, je, unajua linachukua kiasi gani kabla hospitali haijapata kitu? Katika miaka uliyokuwa bungeni au kaunti, ulipiga kura gani kwenye makadirio, si kwenye mikutano? Na bajeti ya nyongeza ya mwisho ulikuwa wapi?

31/ Na sisi pia tujiulize. Kifungu cha 221 kinaiagiza kamati ya Bunge itafute maoni ya umma kuhusu makadirio, na maoni hayo yazingatiwe inapotoa mapendekezo. Kifungu cha 201 kinataja uwazi na ushirikishaji wa umma kama msingi wa fedha za umma. Kaunti nazo zina majukwaa ya bajeti. Hizo ni haki zilizopiganiwa, si zawadi. Watu wa 1922 hawakuwa nazo. Ukiambiwa ukumbi wa maoni ulikuwa na watu kumi na wawili na chai ikabaki, jua kuna mtu amefurahi sana.

32/ Nimalizie kwa kinyozi. Nilirudi wiki iliyofuata nikamkuta yule mzee. Nikamweleza yote: Wagauli, ngozi, tumbo la mama, kijitabu cha London. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kijana, mimi nilifuga mbuzi. Mfuko wa ngozi usipofunguliwa ukaguliwe mara kwa mara, panya hutoboa upande wa chini. Wewe utakuwa unaangalia kamba huku juu, imefungwa vizuri kabisa." Akapanda kiti, zamu yake ilikuwa imefika.

33/ Sina la kuongeza. Makadirio yanafika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Weka alamu. Uzi umeisha, maswali na masahihisho yanakaribishwa hapa chini, matusi tafadhali peleka kwingine.